Saba na Tangi la Nne

Hapa Wirdum hakuna mtu anayemwita Harlan Tjaden kwa jina lake, na kosa hilo ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa kabla sijaanza kuzunguka, maana najijua. Nikiachiwa nafasi nitawachekesha watu, na wakishacheka, jambo lenyewe litanipita pembeni.

Mimi ni Ardith Ubben, mwenye mizani katika kiwanda cha spiriti. Kila lori la mahindi linaloingia kwetu hupanda kwanza juu ya mizani yangu. Nachoma mrija ndani ya shehena, natoa sampuli, napima unyevu, namkabidhi dereva tiketi yake pamoja na neno moja la kumkera. Kazi hiyo naifanya mwaka wa ishirini na moja sasa, na kabla ya hapo niliifanya kwenye ghala la ushirika, neno la kumkera likiwa lilelile. Watu wa huku Iowa ukiwasifu wanatazama viatu vyao, lakini ukiwatania wanajua umewapenda. Ndivyo nilivyojiambia miaka yote.

Jina la Saba nililitoa mwaka tisini na nne. Harlan alikuwa na shamba la ekari themanini kando ya barabara kuu, na masika yale alilipanda kwa siku moja na mashine ya mistari minane. Mnyororo wa sanduku moja la mbegu ulikuwa umechomoka. Yeye alikuwa mbele kwenye trekta, anatazama anakokwenda, hakugeuka nyuma hata mara moja. Mahindi nayo hayana haraka ya kusema. Yalikaa kimya wiki mbili, na yalipochomoza yakasema yote: mistari saba, pengo, mistari saba, pengo, mpaka mwisho wa shamba, kwenye barabara ambayo wilaya nzima inapita kwenda kanisani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, watu wetu hupanda magari na kutembea polepole kutazama mashamba ya wenzao. Hatuna burudani nyingine inayoizidi hiyo kwa utamu. Kiangazi chote kile shamba la Harlan ndilo lilikuwa sinema yetu. Yeye na mkewe LaVonne walikuwa wanakwenda kanisani kwa kuzunguka barabara ya changarawe, maili sita za bure, ili wasipite pale, na sisi tuliokuwa tumeshafika tulikuwa tunalitazama vumbi kwenye gari lao na kukonyezana. Basi siku moja aliingia ghalani kununua chumvi ya ng'ombe, wanaume wanane wamekaa na kahawa zao, na mimi nikasema, "Karibu, Saba." Walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Harlan naye alicheka kidogo, na uso wake wote ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

Jina lile lilimganda. Kwenye mchezo wa kuangusha pini alipewa fulana ya namba saba. Kwenye karamu za kanisa, keki ikikatwa vipande vinane, lazima atokee mjinga wa kumwambia achukue saba aache pengo. Mchungaji wetu wa zamani alijisahau akamwita Saba mbele ya jeneza la baba yake mzazi. LaVonne peke yake hakuwahi kulitamka. Aliwahi kunisimamisha jikoni kanisani, mikono yake imejaa povu la sabuni, akaniambia, "Ardith, mume wangu ana jina." Nikamjibu kwamba najua, ndiyo maana nimempa la pili. Nilijiona hodari wa maneno siku ile.

Mwaka tisini na nane bei ya nguruwe ilianguka ikawaangusha wengi, na Harlan alikuwa mmoja wao. Virgil Meints, mfugaji mkubwa wa ng'ombe hapa kwetu, akalinunua lile shamba la kando ya barabara. Wakulima walipoungana wakajenga kiwanda chao wenyewe, Harlan aliomba kazi ya kutunza hamira, na hapo ndipo alipogeuka kuwa mtu mwingine. Mahindi yanasagwa, yanapikwa uji, uji unamwagwa kwenye matangi sita makubwa, hamira inaula siku mbili na nusu, unakuwa pombe. Pombe inachemshwa, tunatoa spiriti ya kutia kwenye magari, na machicha yanayobaki wanakula ng'ombe wa akina Virgil. Tangu siku ya kwanza Harlan alikuwa anakagua kila kitu mara mbili. Yule mtu ambaye hakugeuka nyuma kwenye trekta, sasa alikuwa hapiti valvu bila kuigeukia.

Tena alikuwa na daftari. Kila mtu wa zamu anaandika alichofanya na saa aliyokifanya, lakini wengine wanaandika kama kuku anayeparua. Mwandiko wa Harlan ulikuwa umesimama wima, kila herufi imevaa shati safi. Kiwandani ikawa kama sheria: likiwa kwenye daftari kwa mkono wa Saba, basi limetendeka. Meneja alikuwa hathubutu kuuliza mara ya pili.

LaVonne alifariki miaka minne iliyopita. Kwa desturi yetu jiwe la kaburi ni moja kwa wawili, kwa hiyo jina la Harlan Tjaden limeshachongwa pale makaburini, na mwaka wake wa kuzaliwa, na nafasi tupu ya mwaka mwingine. Baada ya mazishi yale, jina lake lilibaki kwenye jiwe hilo na kwenye daftari la zamu. Midomoni halikuwepo. Mimi sikuliwazia hilo wakati ule. Nimeliwazia baadaye, wakati kuwaza hakusaidii.

Sasa niwaambie habari za pumba.

Brenna Schutte alikuja kwetu miaka miwili iliyopita, msichana wa maabara wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa mkulima kama sisi ila amesoma hadi macho yamechoka. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Wanga wa punje tunaugeuza spiriti, sawa, lakini lile ganda la punje, pumba, linaingia mlango mmoja na kutokea mwingine bila kuguswa. Brenna alisema humo ndani ya pumba kuna sukari iliyofungwa, na kuna kimeng'enya cha kuifungua ili hamira iile. Spiriti ya pumba huko majimbo ya pwani inagombaniwa kuliko hii ya kawaida. Viwanda vidogo vya wakulima pande zetu vilikuwa vinamezwa na makampuni kimoja kimoja, na Brenna aliamini chetu kingesimama chenyewe kama kingejifunza kutumia punje nzima.

Virgil Meints hakupenda. Kwake yeye pumba iliyogeuzwa spiriti ni machicha yaliyoibwa mdomoni mwa ng'ombe wake. Naye ana hisa na ana sauti. Baada ya mabishano ya mwaka mzima, bodi ilimpa Brenna jaribio moja, tangi moja, mwezi wa kumi. Likifaulu, wenye hisa wataulizwa kwenye mkutano mkuu kama wanataka kuendelea. Likishindwa, mkataba wake unakwisha mwisho wa mwaka na asitajiwe mtu pumba tena.

Tangi lililochaguliwa lilikuwa la nne, na mtu aliyepewa kazi ya kuingiza kimeng'enya alikuwa Harlan. Brenna mwenyewe aliomba iwe hivyo. Alisema hamwamini mtu mwingine, hata nafsi yake.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, katikati ya mavuno, malori yamejipanga hadi barabarani. Nilikuwa kwenye mizani. Yapata saa tatu nikashika redio ya mkononi, na madereva wawili wamesimama dirishani kwangu, nikasema, "Saba, angalia usije ukaruka tangi kama ulivyoruka mstari." Madereva wakacheka. Halafu nikasikia sauti yake: "Nahesabu, Ardith."

Kweli alikuwa anahesabu. Matangi yetu sita yamesimama kwenye mstari mmoja, la kwanza liko upande wa mizani, na siku zote mtu huingilia upande huo. Asubuhi ile njia ya mbele ilikuwa imefungwa, walikuwa wanaosha mabomba kwa dawa kali, kwa hiyo Harlan aliingilia nyuma. Namba za valvu zilikuwa zimefunikwa na uji uliokauka. Siku nyingine angezikwangua azisome. Lakini maneno yangu yalikuwa masikioni mwake, na mkulima akiambiwa asiruke mstari anahesabu, na anahesabu kuanzia ukingo alioingilia. Moja, mbili, tatu, nne. Akafunga mpira wa kupitishia kimeng'enya, akafungua valvu, akageuka nyuma kutazama mara mbili kama kawaida yake, kisha akaandika kwenye daftari kwa ule mwandiko wake: kimeng'enya, tangi la nne, saa tatu na dakika kumi.

Ukihesabu matangi sita kutoka nyuma, la nne ni la tatu.

Aligundua Jumatano, alipokwenda kuufungua mpira auhifadhi. Njia ya mbele ilikuwa wazi siku hiyo, akaingilia huko, akaukuta mpira unaning'inia mahali ambapo haukutakiwa kuwa. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alikwangua namba ya valvu kwa kucha. Kisha akauzungusha mpira vizuri, akautundika, akaenda kula mkate wake. Hakuwa amedanganya bado. Alichoandika alikiamini alipokiandika. Uongo ulikuja Alhamisi, Brenna alipomfuata na karatasi zake na kumwuliza kama kuna lolote alilokumbuka kuhusu Jumapili. Akasema hapana. Ijumaa alimwuliza tena, safari hii kwa upole zaidi. Akasema hapana tena.

Brenna alikuwa amechukua sampuli matangi yote ili alinganishe. Tangi la nne pumba zake zilikuwa vilevile kama siku zote. Tangi la tatu, ambalo hakuna aliyeligusa, pumba zimepungua na spiriti imeongezeka. Alikaa na namba hizo wiki nzima. Mwishoni aliingia mbele ya bodi akasema jaribio limeshindwa, na kwamba yeye mwenyewe inaelekea alichanganya chupa za sampuli, kwa hiyo hata takwimu zake si za kutegemewa. Virgil alikuwepo. Alinieleza siku hiyohiyo pale mizanini, amejiegemeza dirishani, kwamba huyu ndiye msomi wao, hata chupa za maji hawezi kuzipanga. Nikaongezea neno la kuchekesha. Silikumbuki, na nashukuru.

Ijumaa moja mwezi wa kumi na mbili Brenna alikuja kuniaga. Alikuwa amepata kazi Nebraska na ataanza baada ya mwaka mpya. Kilichobaki ilikuwa Jumanne ijayo, mkutano mkuu, kusoma ripoti yake mbele ya wenye hisa ili wapige kura ya kuifunga habari ya pumba. Alibeba boksi lenye kikombe, koti la maabara na mmea mmoja uliokwisha kufa. Harlan alikuwa ndani kwangu anakunywa kahawa. Alinyanyuka kumpisha kiti, Brenna akakataa, akabaki mlangoni.

"Saba, nataka nikwambie kitu," akasema. Hata yeye alimwita hivyo. Alidhani ni namba ya zamu yake. "Unajua mimi namba zangu zilinionyesha tangi la tatu? Zote. Nilizirudia mara nne. Nikawa nasema, haiwezekani, hapa mtu ametia tangi la tatu. Halafu nikafungua daftari nikaona mwandiko wako."

Harlan alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Nikazitupa namba zangu," Brenna akasema. "Nikajiambia, kati ya mimi na Saba, aliyekosea ni mimi. Na sijuti, nakwambia ukweli. Ni vizuri mtu uwe na kitu kimoja unachokiamini kazini."

Akamkumbatia kwa mkono mmoja, boksi kwenye mkono mwingine, akaondoka. Niliona gari lake likipita kwenye mizani likiwa tupu, mizani ikaandika uzito wake kama inavyoandika wa kila mtu.

Harlan hakukaa. Uso umeumbwa na haya, lakini sijawahi kuona haya ikimkalia mtu vile. Shingo yake ilikuwa nyekundu ileile ya mwaka tisini na nne. Nikamwuliza ana nini. Akanisimulia, amesimama, akitazama sakafu, kuanzia mlango wa nyuma hadi mpira uliotundikwa. Alisimulia taratibu na hakujitetea hata kidogo.

Nikamwambia, "Sasa bwana wee, si ungesema tu siku ileile? Kosa la dakika mbili."

"Ningesema."

"Kwa nini hukusema?"

Akainua macho. "Mngeniitaje, Ardith?"

Nina umri wa miaka sitini na sita na nimezika mume. Sikumbuki swali lililowahi kunikalia kifuani kama lile. Mzaha mzaha hutumbua usaha, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilidhani anawasemea watoto. Nilitamani kumwomba radhi. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo kabisa.

Kilichotoka ni kitu kingine. Nilisema, "Sikiliza. Mtoto ameshapata kazi Nebraska, na nasikia nzuri kuliko hii. Yameisha. Funika kombe mwanaharamu apite." Nilisema vile kwa sababu nilikuwa naogopa. Kama angesimama mbele za watu akasema, ingebidi aseme na kwa nini, na hiyo kwa nini ilikuwa mimi. Harlan alisuuza kikombe chake, akakirudisha mahali pake. Nikakichukua kimya kile kuwa amekubali, na usingizi nilioupata siku ile ulikuwa mzuri. Hilo nalo ni la kuonea aibu.

Mkutano mkuu tunaufanyia ukumbi wa michezo wa shule. Kuna nyama ya nguruwe kwenye mikate, viazi vya krimu, ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuacha kuileta. Watu walikuwa kama mia tatu, wamekaa kwenye viti vya kukunja, kofia juu ya magoti. Brenna alisoma ripoti yake kwa dakika sita. Alipofika kwenye chupa za sampuli sauti yake ilishuka, na nyuma yangu mtu akacheka puani. Mwenyekiti akashukuru, akasema basi tupige kura kwa kunyoosha mikono.

Harlan akasimama. Alikuwa safu ya nyuma, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu anayetaka kutoka mapema. Ana hisa moja, kama wafanyakazi wengi wa mwanzo, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema, ila miaka ishirini na moja hajawahi kuitumia.

"Chupa hazikuchanganywa," akasema.

Mwenyekiti akamwomba apaze sauti.

"Nimesema chupa hazikuchanganywa. Kimeng'enya nilikitia tangi la tatu. Nilihesabu kutoka nyuma. Niligundua Jumatano yake nikanyamaza. Huyu binti aliniuliza mara mbili nikamwambia hapana." Akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. "Namba zake zilikuwa sahihi zote. Daftari ndilo lililokosea, na daftari ni mimi."

Hakusema kwa nini alinyamaza. Nilikaa nikisubiri jina langu, na halikuja. Alinifunika. Mtu niliyemtendea vile, mbele ya watu mia tatu, alinifunika, na mimi nilishusha pumzi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilishusha pumzi.

Brenna alikuwa bado amesimama mbele na karatasi zake. Wote tuligeuka kumtazama, kama watu wanaotegemea msamaha utolewe hapohapo ili warudi kwenye viazi. Hakuutoa. 

"Nilikuuliza, Saba," akasema. "Nilikuja hadi ulipokuwa unakula. Nimewaambia watu hawa mimi mzembe. Nimemwambia baba yangu."

"Najua," Harlan akasema.

"Hujui." Akazikunja karatasi, akachukua koti lake, akapita katikati ya viti na kutoka kwa mlango ule wa nyuma, karibu kabisa na Harlan, bila kumtazama.

Ukumbi ulikaa kimya. Huku kwetu kimya kikizidi, mtu huona ni wajibu wake kukiua, na Virgil Meints aliona hivyo. Akajigeuza kwenye kiti chake, akanitafuta kwa macho, kicheko kimeshaanza kumpanda. "Haya, Ardith," akasema kwa sauti ya watu wote, "huyu sasa tumwite nani? Saba haimtoshi tena."

Vichwa vikanigeukia, safu baada ya safu. Walikuwa wananisubiri. Wala hawakuwa wabaya. Walitaka tu nifanye nilichokuwa nikiwafanyia siku zote, niwape kitu cha kucheka ili aibu ipungue uzito. Na jina lilikuwepo. Mungu anisamehe, lilikuwepo ulimini tayari, zuri sana, lingedumu miaka thelathini mingine.

"Mwiteni Harlan," nikasema.

Virgil alisubiri, akidhani kuna utani unafuata. Alipoona hakuna, akajigeuza akatazama mbele. Mtu mmoja akakohoa. Mimi sikusema zaidi, na nilipaswa kusema zaidi. Ningesimama nikasema ni mimi niliyemfundisha kuficha. Nilikaa na mkoba wangu mapajani, nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Kura ilipigwa, kuifunga habari ya pumba kukashindwa kwa mikono michache. Jaribio lilirudiwa mwezi wa tano, tangi la nne, safari hii na watu watatu wakisoma namba ya valvu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Brenna hakurudi. Aliacha madaftari yake yote, kila hatua imeandikwa, na alijibu simu za meneja kwa adabu. Kimeng'enya kilifanya kama alivyosema kitafanya, na sasa wanajenga mtambo wenyewe kando ya ghala. Jina lake limetajwa kwenye ripoti ya mwaka. Harlan alimwandikia barua. Najua kwa sababu aliniomba stempu. Kama ilijibiwa, hajaniambia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sijauliza.

Lakini nilitaka kumaliza na ile Jumatatu iliyofuata mkutano, si mwezi wa tano wala mtambo.

Theluji ilikuwa imeanguka. Lori la kwanza lilikuwa na mahindi yenye joto, yananukia uchachu, na ilibidi nimwulize mtunza hamira kama tuyapokee. Nikashika redio. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, nilikuwa nimelisema jina lile ndani ya gari peke yangu, barabara nzima. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Harlan, hapa mizani."

Kimya. Nilimwona kupitia dirishani, kule juu kwenye ngazi ya matangi, redio kifuani, anaandika kwenye daftari lake.

"Harlan, hapa Ardith. Unanisikia?"

Aligeuza ukurasa. Sauti ilikuwa inafika. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitokea kwenye redio ya kule juu na kurudi hewani. Alikuwa haringi wala hajakasirika. Hakujua tu kwamba ni yeye anayeitwa. Aliyekuwa akimwita hivyo alikuwa makaburini miaka minne.

Nikamwita mara ya tatu, polepole, Harlan Tjaden, jina zima, na dereva wa lori akanitazama kama vile nimetaja mtu asiyemjua. Kule juu Harlan aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akarudi kwenye kuandika.

Mahindi yalikuwa yanapata joto, na nyuma yake malori manne yalikuwa yanasubiri. Nikabonyeza kitufe.

"Saba," nikasema.

"Ndiyo, Ardith," akajibu hapohapo.